Mbwa Ambao Hawakuletwa

Wiki iliyopita binti ya kaka yangu alinisukumia simu usoni. Kulikuwa na picha ya kijibwa kimekaa juu ya mto mwekundu, kimevalishwa utepe shingoni. "Shangazi, si huyu ni Alseshani safi?" Nikamuuliza kama amemwona mama yake huyo mbwa. Hajamwona. Amefika anakofugwa? Hajafika. Lakini muuzaji ni mtu mzuri sana, ati hata anatuma mbwa kwa bodaboda, na hakumuuliza swali hata moja. Alilisema hilo la mwisho kwa furaha, mimi nikashika kichwa.

Basi nimeona niandike, kwa sababu nimechoka kuwaambia mmoja mmoja. Nimefanya kazi ya mbwa tangu nikiwa msichana mwenye nguvu mpaka magoti yalipokataa. Pale kwetu Misikhu, Bungoma, waliniita Mama Mbwa, wakidhani wananiudhi, na wale wale wakija kutafuta mtoto wa mbwa waliniita Mama Wanjala kwa adabu kabisa. Nimewazoea. Someni mkitaka, mkikataa basi msije kwangu mkilia.

Niliingia Kitale mwanzoni mwa miaka ya themanini kufua nguo kwa familia moja ya Singasinga. Mume wangu alikuwa amefariki, na watoto wangu niliwaacha kwa mama yangu Misikhu. Mwenye nyumba, Mzee Mohinder, alikuwa fundi wa matrekta, na nyuma ya karakana yake alifuga mbwa wa Kijerumani, hao Alseshani. Mtu aliyewatunza aliumwa mkononi siku moja akaondoka bila kuaga. Mke wa Mzee akanikuta kwenye kamba ya nguo akaniuliza, "Wewe hapana ogopa mbwa?" Nikamwambia ninachoogopa ni kurudi nyumbani bila kazi. Jioni ile ile nilikuwa nakoroga ugali wa mbwa kwenye sufuria ambayo ningeweza kuoga ndani yake.

Kazi yenyewe ni chafu, msidanganywe na picha za mito. Ni kusugua sakafu kabla ya chai, kuchemsha matumbo, kutoa kupe nyuma ya masikio, na kukaa na jike anayezaa huku ukimsemesha pole pole. Mzee alinifundisha kunusa. Ukifika kwa mfugaji, simama langoni, vuta pumzi. Kila banda la mbwa linanuka mbwa, hiyo si kitu, lakini likikutoa machozi rudi ulikotoka. Halafu angalia mama anavyomtazama mtu anayemlisha. Akijikunja akimwona na bakuli mkononi, ujue bakuli hilo huja pamoja na teke.

Kitu kilichowaudhi watu wa kwetu Bungoma ni maswali. Mzee hakumuuzia mtu mbwa mpaka amkalishe juu ya pipa la mafuta lililopinduliwa, ampe chai, amuulize anaishi na nani, ua wake una mlango, mbwa atakula nini mwisho wa mwezi. Mwenyekiti mmoja wa chama cha wakulima aliinuka kwa hasira. "Mzee, mimi nimekuja kununua mbwa, sikuja kuoa."

"Kuoa ni rahisi, bana," Mzee akamjibu. "Bibi akichoka na wewe anajua njia ya kwao. Mbwa itarudi wapi? Kwa hivyo mimi nasema, ikishindwa na wewe, irudi hapa kwangu."

Mwenyekiti akaketi tena. Wengine hawakuketi. Walikwenda kununua Misikhu siku ya soko, kwa mtu aliyebeba watoto wa mbwa ndani ya gunia na hakuuliza mtu hata jina. Karani mmoja alijipatia pale Alseshani mwenye mgongo mweusi tii na masikio yamesimama wima. Alipita naye mbele ya nyumba ya mama yangu, nami nilikuwa likizo, akanionyesha kwa majivuno. Masikio yalikuwa yamesimamishwa kwa plasta iliyofichwa ndani. Mvua ya alasiri ilipomalizika, mgongo mweusi ulikuwa umehamia kwenye shati jeupe la karani, kwa sababu ulikuwa rangi ya viatu. Kijibwa chenyewe kilikuwa kizuri tu, mbwa wetu wa kawaida wa kijijini, na alikaa nacho miaka mingi. Mimi nilimsifu kwa hilo.

Na hili la kumfungua mbwa mdomo ili kuona kama kaakaa ni jeusi, ati mweusi ndani ndiye mkali, liacheni. Nimeona wenye kaakaa jeusi wakikimbia kuku. Pilipili kwenye chakula nayo haimfanyi mbwa kuwa mkali, inamharibia tumbo, na wewe ndiye utakayesafisha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kila Aprili, Masingasinga wakisherehekea Vaisakhi, Mzee Mohinder aliwaalika watu wote walionunua mbwa kwake. Sharti lilikuwa moja tu: njoo na mbwa. Watu walitoka Webuye, Ndalu, Matulo, Bungoma mjini, wamevaa nguo za kanisani, wamemshika mbwa kwa kamba mpya. Kulikuwa na chapati, dengu, wali wa maziwa na chai isiyoisha. Nyama hapana. Wazee wa kwetu walinung'unika kimya kimya kwamba mtu atasafirije mpaka Kitale kula dengu, kisha wakaomba waongezewe.

Karakana ilikuwa na mteremko wa saruji wa kupandishia matrekta. Kila mgeni alipitia hapo na mbwa wake, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kufika kwenye chakula. Mzee alikaa juu kwenye kiti chake cha kamba akiwaamkia watu. Mwaka wa pili ndipo aliponiambia anachofanya. Hakuwa akitazama nyuso. Alikuwa akitazama miguu ya nyuma ya mbwa wakipanda.

"Mtoto ya mbwa yote ni nzuri," aliniambia. "Ngoja ikuwe mbwa mzima, halafu ndiyo utajua umeuzia mtu nini."

Hilo likanishika. Mbwa hawa wakubwa wana ugonjwa wa nyonga unaotoka kwa wazazi, na hauonekani kwa mtoto. Anacheza vizuri, anakua vizuri, kisha siku moja anaanza kuinuka kwa shida, na baadaye anaburuta miguu. Mfugaji asiyewaona mbwa wake wakishakuwa wakubwa anafanya kazi akiwa amefumba macho. Mzee wetu alikuwa amefungua yake, na kila Vaisakhi mbwa walipanda ule mteremko kama askari. Sifa zake zikafika mbali. Nami nilijivuna, kwa sababu ugali walioula ulikuwa wangu.

Jike aliyetuletea sifa hizo aliitwa Rani. Alikuwa na akili kuliko shemeji zangu wote. Alipobeba mimba nyingine, Mzee aliniita akaniambia jike wa kwanza atakayezaliwa ni wangu, nianze ufugaji wangu nyumbani. Nyinyi hamuwezi kujua neno hilo lilikuwa na uzito gani. Ningelala nyumba moja na watoto wangu. Ningewaona wakienda shule asubuhi badala ya kusikia habari zao kwa watu. Kaka yangu akajenga banda Misikhu kwa mabanzi, akaliezeka na kulipaka chokaa. Rani akazaa, jike wa kwanza akatoka na kidoa cheupe kifuani. Rani kwa lugha yao ni malkia, basi wangu nikamwita Malkia. Nilikuwa nikimbeba ndani ya kanga nikifagia.

Malkia akiwa ameanza kula mwenyewe, nikaitwa kwenye mazishi Matulo. Jirani wa wafiwa alikuwa Mzee Wafula, mteja wetu wa siku nyingi. Alikuwa amenunua kwetu mbwa wawili wa Rani, Simba na Duma. Simba alikuja Vaisakhi kila mwaka, amepigwa brashi anang'aa. Duma hakuwahi kuja. Mzee Wafula alisema amebaki kulinda boma, na sisi tukaona ni sawa, boma haliwezi kuachwa hivi hivi. Wengi walikuwa na mbwa aliyebaki kulinda boma.

Nikaona ni utovu wa adabu kupita bila kumwamkia mkewe, Mama Khisa. Nikamkuta akianika mahindi. Nyuma ya ghala kitu kikajikokota kuja kuninusa. Alikuwa Duma. Mbele alikuwa fahali kweli, kifua kipana, kichwa cha Rani mtupu. Nyuma miguu ilifuata kama nguo iliyoloa.

"Mama Khisa, huyu ameanza hivi lini?"

"Ni siku nyingi, mama. Hata hakuwa amemaliza mwaka wa pili."

"Na mbona hamkumleta Vaisakhi Mzee amwone?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakwenda kanisani uchi. "Mtu amekuita kwake, amekupikia, halafu umpelekee mbwa kiwete mbele ya wageni? Si hiyo ni kumtangazia watu ati mbwa zake ni mbaya? Sisi hatuna tabia hiyo, Mama Wanjala. Na si sisi tu. Yule wa Ndalu alizika yake."

"Yule wa Ndalu alisema mbwa aliibwa."

"Ungetaka aseme nini, na chapati iko mkononi?"

Nilikaa chini juu ya magunia. Yule wa Ndalu, Mzee alimwonea huruma kwa wizi ule akampa mtoto mwingine bure. Mtoto wa Rani. Miaka yote ile mteremko wa karakana ulikuwa ukitudanganya, na waliotudanganya walikuwa watu wema, waliooga, waliotuheshimu mno. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Waliona aibu kumlipa mtu ukarimu kwa malalamiko, nami ningefanya vivyo hivyo, kwa sababu nimelelewa huko huko.

Njiani kurudi Kitale nilikuwa najua vizuri kilicho mbele yangu. Nikisema, Rani amekwisha, na Malkia hawezi kuwa mwanzo wa kitu chochote. Banda la Misikhu litabaki la kuku. Niliomba gari liharibike. Halikuharibika, nikamkuta Mzee akiwalisha mbwa, nikamwambia palepale kabla sijavua koti, maana nilijijua, nikilala na jambo hilo ningeamka na sababu nzuri za kunyamaza.

Mzee aliacha kulisha. Aliweka ndoo chini, akaingia kwa Rani, akakaa naye.

Asubuhi tulichukua pikapu. Matulo tulimkuta Mzee Wafula amesimama mlangoni, uso umemshuka, akiomba msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyemuuzia Mzee mbwa mgonjwa. Mzee Mohinder alikaa kwenye matope na suruali yake safi, akamlaza Duma, akamshika nyonga pole pole, huku na huku. Kisha akauliza bila kuinua kichwa.

"Wafula, wewe rafiki yangu ama adui?"

"Rafiki, Mzee."

"Basi kwa nini umeficha mimi hii?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

Mzee akafuta mikono kwenye nyasi. "Sasa wewe ona heshima imefanya nini kwa hii mbwa." Hakupandisha sauti. Mzee Wafula alitazama miguu yake mwenyewe, na mimi nikawaonea huruma wote wawili, na Duma zaidi.

Tulikwenda Ndalu, tukarudi Misikhu. Kila boma lililokuwa na mbwa "aliyebaki kulinda" tuliingia. Wengine walikuwa wazima kweli, wanatubwekea. Lakini viwete walikuwa zaidi ya nilivyokubali kufikiria, na wote walikuwa wa Rani.

Mzee akakata shauri kabla hatujafika nyumbani. Rani hazai tena. Watoto waliokuwepo watatolewa bila malipo kwa watu wanaotaka mlinzi tu, wafungwe kizazi na daktari wa mifugo wakishafika umri, na kila anayemchukua aambiwe kinachoweza kutokea. Mfanyabiashara mmoja wa Bungoma aliyekuwa akimngoja dume kwa muda mrefu alisema yeye hajali nyonga, apewe tu azalishe. Mzee akamkatalia. Yule bwana akaenda akauambia mji mzima kwamba mbwa wa yule Singasinga wamekwisha, na watu wakamwamini, kwa sababu ni kweli walikuwa wamekwisha. Mwaka uliofuata Vaisakhi dengu ilibaki nyingi.

Kwangu alisema, "Malkia ni yako. Lakini hapana zalisha."

Nililia juu ya sufuria ya ugali. Nilimkasirikia Mzee, nikamkasirikia Mama Khisa, nikajikasirikia mwenyewe kwa kuwa na mdomo. Watoto wangu walinisubiri Misikhu na mimi nikawatumia salamu tena. Na mnajua lililoniuma zaidi? Malkia hakuchechemea hata siku moja. Alipanda ule mteremko kama hewa mpaka uzeeni. Kila aliyemwona alinicheka, "Si unaona? Ungezalisha tu." Sikumzalisha. Asiyeugua anaweza kubeba ugonjwa na kuuacha kwa wanawe, na mimi nilikuwa nimemwona Duma.

Ilipita miaka kabla Mzee hajapata mbegu nyingine, kutoka kwa mfugaji aliyemkubalia kuwaona mpaka mabibi na mababu wa mbwa. Mimi alinipa jike aliyeitwa Pendo. Ndiyo nikarudi Misikhu, miaka ya tisini, watoto wangu wakiwa wamenizidi urefu. Mkubwa aliniamkia kama mgeni. Hilo sitalipaka sukari.

Nilianzisha sherehe yangu, Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Nilipika kuku, sikuthubutu dengu. Mwaka wa kwanza mbwa walikuja wanang'aa wote, nami sikufurahi, maana nilikuwa nimeshaiona picha hiyo. Ndipo nikatangaza mbele ya wote. Mnajua kwetu kuku akiiva firigisi inakwenda kwa mgeni wa heshima kuliko wote. Nikasema kwangu firigisi ni ya atakayeniletea mbwa mbovu. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwaka uliofuata firigisi ilikosa mwenyewe nikaila mimi, na uliofuata pia.

Kwa hivyo, binti ya kaka yangu, na nyinyi wengine, mkienda kwa mfugaji msimwombe awaonyeshe mbwa wake wazuri. Kila mtu anao wa kuonyesha. Mwulizeni ni nani aliwahi kumrudishia mbwa mbaya, na alimpokeaje. Akisema hajawahi kuletewa hata mmoja, mshukuruni kwa chai muende.

Mwaka ninaoukumbuka, Mzee Mohinder mwenyewe alikuja kutoka Kitale. Mwanawe alimshika mkono kushuka garini, kilemba chake cheupe kama zamani. Alikaa kwenye benchi la mbele, na kila mtu alijua firigisi ya siku hiyo inakwenda wapi, hata kama yeye haonji nyama. Pendo alikuwa kivulini na watoto wake, wote wameahidiwa watu, na hao watu walikuwepo, wanawachagua kwa macho.

Lango likafunguliwa akaingia mwalimu mmoja wa kike wa Ndalu, Lidia. Nilimuuzia mtoto wa kwanza wa Pendo. Alitembea pole pole, kwa sababu mbwa wake alitembea pole pole. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa ukigusa chini na kuondoka. Watu wakageuka kuutazama.

"Nisamehe, mama," akasema karibu na sikio langu. "Nilitaka kumwacha nyumbani. Si ungenielewa? Lakini ulisema."

Nilijua maana yake. Nilijua hata kabla sijainama kumshika nyonga. Niliingia jikoni, nikakaa kidogo na mwiko mkononi, kisha nikatoka na sahani, firigisi juu yake. Nikampita Mzee Mohinder. Nikawapita wazee wa kwetu, na mmoja akakohoa, maana walizoea kuiona ikienda kwa mwanamume. Nikaiweka mikononi mwa Lidia. Mzee Mohinder akasogea kwenye benchi, akapiga mbao kwa kiganja. "Kaa hapa na mimi," akamwambia, na mkono wake mwingine ulikuwa tayari umeshuka kwenye mguu wa yule mbwa.

Nikageuka nikawaambia waliokuwa wakingoja watoto wa Pendo kwamba hakuna mtoto wa kuuzwa, na sababu wameiona ikiingia langoni. Wengine waliondoka hata bila kula. Pendo aliniangalia akipiga mkia. Lidia alikuwa bado ameishika ile sahani, machozi yanamlengalenga.

"Sasa mama, itabidi uanze upya?"

Nikamwambia ale kwanza. Firigisi ikipoa inakuwa ngumu.